Shajara ya mradi: vituo vya daladala vya mabaraza matatu katika orodha moja

Shajara hii ni kwa wanaotaka kuiga. Kazi yenyewe ni kutengeneza orodha moja ya vituo na njia za daladala za Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja, ili mabaraza matatu ya manispaa, Mjini, Magharibi A na Magharibi B, yapange usafiri kwa karatasi moja badala ya tatu. Sisi ni kikundi cha kujitolea: maalim wa hesabu, vijana wa chuo, mzee mmoja aliyekuwa konda miaka mingi, na mimi ninayeandika. Hatua zilizokwenda bila tabu nimezipitia mbio. Zilizotutoa jasho nimezieleza kwa urefu, maana ndizo zitakazomsumbua na mwengine.

9 Novemba 2024: Kwa nini vituo kwanza

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa huu na watu 593,678. Ya 2022 ikaukuta na 893,169. Mji Mkongwe hauna pa kuongeza nyumba na Ng'ambo imeshajaa, kwa hiyo watu wanajenga nje: Fuoni, Kianga, Bububu, Chukwani. Hata hiyo 2012, Wilaya ya Magharibi ilikuwa na watu 370,645, na Mjini 223,033. Baadaye Magharibi ikagawanywa A na B. Ndiyo maana mtu wa kawaida leo analala kwa baraza moja, anafanya kazi kwa baraza la pili, na samaki wa jioni anamnunua kwa baraza la tatu. Safari yake ni moja. Kibanda cha kusubiria, taa, mtaro unaofurika mbele ya kituo na zebra ya kuvukia viko kwenye mafaili ya ofisi tofauti.

Ukitazama vibao vya magari, mambo ni mengine kabisa. Namba zinazoanza na 1 zinakwenda kaskazini: 116 Nungwi, 117 Kiwengwa, 118 Matemwe. Ya 206 inakwenda Chwaka. Za 3 ni za kusini: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Za 5 ni za mjini na viunga vyake, kama 502 ya Bububu na 505 ya Uwanja wa Ndege. Kibao cha mbele ya gari kimepanga kisiwa kizima kwa tarakimu tatu, na hakijali mpaka wa wilaya hata mmoja. Kwa hiyo sisi hatubuni mpango wa pamoja. Upo barabarani, unaendeshwa na madereva na makonda kila alfajiri. Unachokosa ni kuandikwa.

Tulibishana tuanze na njia, nauli au vituo. Maalim akashinda: njia hubadilika dereva akiona foleni, nauli hubadilika bei ya mafuta ikipanda, lakini kituo watu wanakijua na watasimama hapohapo hata kibao kikiondolewa. Tena kila malalamiko ya abiria yanaangukia kwenye kituo fulani.

Data tunaiandika kwa GTFS, utaratibu wa kuandika vituo, njia na ratiba za usafiri, uliobuniwa na shirika la usafiri la TriMet la Portland, Marekani, pamoja na Google, kuanzia 2005. Sasa ndio unaotumika karibu kila pahala. Ni mafaili ya maandishi matupu, yanafunguka hata kwenye eksel: stops.txt ya vituo, routes.txt ya njia, stop_times.txt ya nyakati, na mengine machache. Nairobi walifanya kazi kama hii kwa matatu, yaani daladala za kwao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, na ramani yao ikatoka 2014. Kwa hiyo hoja ya kwamba magari ya watu binafsi hayaandikiki tumeiweka kando mapema.

30 Novemba 2024: Simu mikononi mwa makonda (imeshindikana)

Wazo lilikuwa rahisi: mpe konda simu ya zamani yenye programu ya kurekodi njia, gari izunguke kutwa, jioni uchukue simu na ramani imejichora. Makonda walikubali kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba simu ilirekodi maisha ya gari, si njia ya gari. Tulipata mistari ya kwenda kujaza mafuta, kupitia msikitini, kupeleka wanafunzi skuli kwa kukodiwa, kufuata spea, na kulala nyumbani kwa mwenye gari. Kuchambua kipi ni ruti na kipi ni shughuli binafsi kulichukua muda mwingi kuliko kupanda gari wenyewe. Na liko jambo la heshima. Mstari ule unamwonesha mwenye gari mahali dereva wake alipokuwa saa ngapi, na sisi hatukuja kufanya upelelezi. Tumefuta rekodi zote hizo. Anayeiga aruke hatua hii kabisa.

21 Desemba 2024: Tunapanda kama abiria

Kila mmoja anapanda gari tangu mwanzo wa njia hadi mwisho wake, analipa nauli kama watu wote, na simu inarekodi kwa OsmAnd, programu ya ramani ya kwenye simu. Gari ikisimama kushusha au kupakia, anabonyeza alama na kuandika jina alilolisikia konda akilitaja.

Mistari ya mwanzo ilikatikakatika. Barabara inakwenda vizuri mpaka Amani, halafu inaruka juu ya mapaa ya nyumba moja kwa moja hadi mwisho wa safari. Simu zilikuwa zinaizima programu ili kuokoa chaji mara skrini inapozimika. Dawa yake: ingia kwenye mpangilio wa betri, itoe OsmAnd kwenye orodha ya programu zinazobanwa, halafu iweke simu katika hali ya ndege. GPS haihitaji laini wala bando, na simu isiyotafuta mnara inadumu kutwa. Pili, kaa ubavuni mwa gari, usikae katikati chini ya bati. Kwenye gari za mbao zinazokwenda shamba shida hii ni ndogo kwa kuwa pembeni ni wazi.

Mzee wetu aliyekuwa konda ametufundisha jambo ambalo hakuna simu ingelitambua. Magari mengine hukata ruti jioni: kibao kinasema mwisho wa njia, abiria wanashushwa kabla, na gari inageuza kufuata abiria wengi. Tukiandika njia nzima tu, tutakuwa tumeandika ahadi. Tumeweka safari za aina mbili kwa kila njia yenye tabia hiyo, ndefu na fupi, kila moja na saa zake.

18 Januari 2025: Saa moja ni saa ngapi

Tulipojumlisha karatasi za kila mtu, magari ya Fuoni yalionekana yana pilikapilika kubwa saa 7 usiku na yamelala kabisa saa 1 asubuhi. Hakuna aliyekosea kusoma saa. Wengine waliandika saa 1:15 kama tunavyosema, wengine 7:15 kama simu inavyoonesha, na jedwali likazichukua zote kuwa saa za kompyuta. Mbaya zaidi ni zile za katikati ya siku. Ukiona 6:40 kwenye karatasi, ni adhuhuri ya kwetu au alfajiri ya simu?

Tulijaribu kuzikisia kwa kulinganisha na mistari ya GPS, ambayo ina saa yake yenyewe. Ilisaidia pale ambapo mstari ulikuwa mzima. Zilizobaki tumezitupa na kupanda upya. Sasa hakuna anayeandika saa kwa mkono: alama inabonyezwa, simu inaweka saa, basi. Kwenye fomu za karatasi, kwa wasio na simu janja, tumechapisha maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku, na mtu anazungushia moja. Faili la mwisho lote liko kwenye saa 24, na eneo la saa ni Africa/Dar_es_Salaam. Usitafute la Zanzibar kwenye orodha ya kompyuta, halimo.

8 Februari 2025: Majina

Hapa ndipo tulipokaa kuliko pengine popote.

Ili kuokoa muda tuliipa programu majina ya vituo iyatafutie mahali pake yenyewe. Mombasa, mtaa wa hapa Unguja, ikapelekwa Kenya. Kariakoo yetu ikapelekwa Dar es Salaam. Kilimani yetu ikaangukia Nairobi. Kwa mujibu wa jedwali hilo, abiria wa mjini alikuwa anavuka bahari na mpaka wa nchi kabla ya kufika kazini. Tulicheka, kisha tukaiacha njia hiyo. Mahali pa kituo panatoka kwenye GPS au kwa mtu aliyefika. Jina halitumiki kutafutia mahali.

Kisha ikaja Jang'ombe. Ilitokea mara mbili kama vituo viwili tofauti, na kwa macho majina yalikuwa sawasawa. Kumbe simu nyengine huweka kile kikoma cha juu kikiwa kimesimama wima, nyengine hukipinda, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Ni hivyohivyo kwa kila jina lenye ng'. Tumepitisha faili zima na kuvigeuza vyote viwe wima kabla ya kulinganisha chochote. Ukiiga, fanya hivi siku ya kwanza.

Vifupisho navyo: Mwanakwerekwe, Kwerekwe na M/Kwerekwe, Kiembesamaki na Kiembe Samaki, Beit el Ras yenye vistari na isiyokuwa navyo. Tumeweka safu mbili. Moja ni ya jina la kuonesha, na nyengine ya majina yote ambayo watu wanayatumia, yakitenganishwa kwa mstari. Hatukumfuta mtu jina lake. Anayetafuta Kwerekwe aipate, na anayetafuta Mwanakwerekwe aipate.

Vituo visivyo na jina rasmi ndivyo vingi zaidi: msikitini, skuli, kwenye duka la fulani, kwenye mwembe ambao umeshakatwa. Kwa haya tulikwenda kwa masheha, viongozi wa shehia. Bwana Sheha mmoja alitukalisha barazani, akaita wazee wawili waliokuwa wakipita, na jina likapatikana kabla kahawa haijapoa. Mwengine alisema wazi kuwa kituo kile kina majina mawili kwa sababu kiko baina ya shehia mbili, na kwamba tusimtie yeye kwenye ugomvi huo. Tumeyaandika yote mawili. Kanuni tuliyobaki nayo ni kwamba jina la kuonesha ni lile analolitaja konda, kwa sababu ndilo abiria mgeni atakalolisikia.

Onyo moja la kisheria. Kijana wetu alijaza majina kadhaa kwa kuyanakili kutoka Google Maps, na sisi tunaweka kila kitu OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, ili kiwe huru kwa wote. OpenStreetMap hairuhusu kunakili kutoka ramani yenye haki za mwenyewe. Tuliyatoa yote na kuyakusanya upya kwa miguu. Picha zinazoruhusiwa tunazo, na ni nzuri: za Zanzibar Mapping Initiative, kazi ya droni iliyoanza 2016 baina ya Kamisheni ya Ardhi, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia. Unaona hadi kivuli cha mnazi. Kasoro yake ni umri. Palipopanuliwa barabara baada ya picha, tegemea GPS.

15 Machi 2025: Ramadhani

Magari yanaadimika wakati wa magharibi ukikaribia, barabara inanyamaza wakati wa futari, kisha watu wanatoka tena baada ya tarawehe. Ratiba ya mwezi mmoja haiwezi kuwa ya mwaka. GTFS ina faili la kalenda, kwa hiyo Ramadhani tumeipa huduma yake, yaani ratiba yake peke yake. Idd itafuata, na Mapinduzi tarehe 12 Januari.

Hatuandiki saa ya kila gari kuondoka, maana hakuna. Tunatumia frequencies.txt, ambamo unasema baina ya saa fulani na saa fulani gari hupita kila baada ya muda fulani, bila kuahidi dakika. Lakini jueni kuwa faili hilo halitoshi peke yake. stop_times.txt bado linadaiwa, na ndani yake unaweka muda wa kutoka kituo hadi kituo ukianzia sifuri. Kikaguzi, programu inayokagua mafaili ya GTFS, kilitukatalia mpaka tulipolielewa hilo.

19 Aprili 2025: Namba za vituo, na siasa ndani yake

Kila kituo kinahitaji namba isiyobadilika. Mpango wa kwanza ulionekana wa kistaarabu: MJ kwa Mjini, MA kwa Magharibi A, MB kwa Magharibi B, kisha tarakimu. Ofisa yeyote angejua chake kwa kutazama tu. Tulifika mbali na mpango huu kabla haujavunjika, na ulivunjika mahali patatu kwa pamoja.

Kwanza, vituo vya mipakani. Tulipoiomba kila ofisi orodha yake, vituo vilivyo karibu na mpaka ama vilitokea kwenye orodha mbili kwa namba mbili, ama havikutokea popote. Kundi la pili ndilo baya. Kituo kilichodaiwa na wawili kitapata taa mapema au kuchelewa. Kisichodaiwa na mtu hakitapata kitu.

Pili, kituo husogezwa. Barabara ikijengwa, gari zinasimama upande wa pili kwa miezi, na upande wa pili unaweza kuwa wa baraza jengine. Je, namba ibadilike? Ikibadilika, kila safari iliyoandikwa juu yake inapotea.

Tatu, na hii ndiyo iliyonimaliza, mipaka yenyewe si ya milele. Sensa ya 2012 ilikuwa na Magharibi moja, ya 2022 ina mbili. Mtu aliyeweka herufi za wilaya kwenye namba za vituo 2012 angekuwa na kazi ya kufuta na kuandika upya, na hakuna kituo hata kimoja kilichokwenda popote.

Tumeifuta. Sasa namba ni namba tu, inayofuata ile iliyotangulia, haina maana yoyote ndani yake. Baraza linaandikwa kwenye safu yake, na safu hiyo inaruhusiwa kubeba majina mawili. Safu nyengine inasema nani anatengeneza kibanda, nyengine nani anapokea malalamiko. Mara nyingi si mtu mmoja. Kama kuna kitu kimoja tu utakachokichukua kwenye shajara hii, chukua hiki: mpaka ukae kwenye safu, usikae kwenye namba.

Katika hatua hiyohiyo tulitafuta vituo vilivyoandikwa mara mbili. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, tuliamuru vyote vilivyo ndani ya mita 30 viunganishwe. Ikaunganisha kituo cha kwenda na cha kurudi, vilivyotazamana ng'ambo mbili za barabara, karibu mkoa mzima. Abiria wa kwenda mjini akawa anasubiri upande wa shamba. Tulirudi kwenye nakala ya jana yake (wekeni nakala kila siku, jamani) na kuongeza mwelekeo. Maneno "kwenda mjini" na "kwenda shamba" yalifaa kwa njia za nje, yakakwama kwa magari yanayozunguka ndani ya mji. Sasa mwelekeo unatoka kwenye mstari wa GPS wenyewe: viwili vikiwa karibu na magari yake yanaelekea upande mmoja, ni kimoja, yakielekea pande zinazokinzana, ni viwili. Stendi kubwa, kama Darajani, Kijangwani na Mwanakwerekwe, tumezipa kituo mama na vituo vidogo ndani yake, kila safu ya magari na chake.

17 Mei 2025: Ramani juu ya meza

Barua za mwaliko tulizipeleka ofisi tatu. Majibu yalifanana: nani mwenyeji, na nani ataongoza kikao? Hilo si jambo dogo wala si ukaidi. Anayeongoza kikao ndiye atakayeulizwa baadaye fedha zitatoka wapi. Tukapendekeza kisiwe kikao bali ukaguzi wa data, kila ofisi ilete mtu anayezijua barabara na si lazima awe mkubwa, na mahali pawe chumba cha darasa. Walikuja.

Tulikuwa tumeandaa jedwali kwenye projekta. Halikufika popote. Kila mtu alitafuta safu zake, akahesabu vilivyo vyake, akaanza kuhoji vya mwenzake. Baada ya chai tuliizima projekta na kukunjua ramani ya karatasi, karatasi mbili kubwa za A0 zilizogandishwa, isiyo na mipaka ya wilaya. Kalamu tatu za rangi. Mambo yakabadilika palepale. Watu waliinama, wakaanza kufuata njia kwa kidole, na ofisa mmoja akasema kituo fulani si chake lakini malalamiko yake yote humfikia yeye. Mwenzake akacheka, akasema kumbe hicho ndicho kituo ambacho ofisi ya yule wa kwanza humwandikia yeye barua, naye hujibu kuwa hakijui. Kiliandikwa dakika ileile, kwa majina mawili.

Ramani hiyo ilionesha jambo jengine ambalo jedwali lililificha. Karibu njia zote zinakimbilia mjini. Mtu wa Bububu anayetaka kwenda Fuoni anaingia kwanza kwenye msongamano ambao hauna haja naye, kisha anatoka tena. Safari inaanzia Magharibi A na kuishia Magharibi B, lakini inaibebesha Mjini mzigo. Hakuna baraza moja linaloweza kulitatua hili kwa kutazama eneo lake, kwa kuwa ndani ya eneo lake tatizo halionekani.

Ni sura ya zamani hii. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijengewa reli ya kiasi cha maili saba kutoka kasri yake hadi Chukwani mwaka 1879, mabehewa yakivutwa na nyumbu kabla injini haijaagizwa Uingereza. Mwaka 1905 ikaja reli ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikianzia Ngome Kongwe. Moja kusini, moja kaskazini, na zote mbili kichwa chake Mji Mkongwe. Reli zimeondoka, daladala zikarithi umbo. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Morogoro na Dodoma mwaka jana, vijana wanatuuliza na sisi yetu lini. Sina jibu. Najua tu kwamba siku itakapojengwa reli au njia ya mabasi ya mwendokasi hapa, mhandisi ataanza kwa kuuliza watu wanapandia wapi na kushukia wapi.

Kuna aliyeuliza kama kuungana huku kutazipokonya ofisi madaraka. Maalim alimjibu kwa mfano wa Hamburg, Ujerumani. Mwaka 1965 mashirika ya usafiri ya mji ule yaliunda umoja wao, HVV, wa kwanza wa namna yake duniani. Kila shirika lilibaki na mabasi na treni zake. Walichokiunganisha ni ratiba na nauli. Sisi hata huko hatujafika. Tunaomba orodha ya vituo tu.

28 Juni 2025: Nani mwenye faili

GTFS inalazimisha faili liitwalo agency.txt: jina la shirika linaloendesha magari. Kwetu shirika hilo halipo. Kila gari ina mwenyewe. Tulijaribu kuandika mabaraza matatu kama mashirika matatu, kisha tukakwama: 502 tuiweke kwa nani, inapoanzia au inapoishia? Njia haiwezi kuwa na mashirika mawili ndani ya faili. Tukaandika shirika moja lenye jina lisiloegemea popote, Daladala za Unguja, na tukaeleza kwenye maelezo ya faili kwamba si kampuni bali ni jina la data. Kikaguzi kimepita bila kosa. Maonyo yamebaki, mengi ni ya vituo vilivyo mbali na mstari wa barabara, na hayo ni kweli: kuna mahali gari inaingia ndani ya uwanja kupakia.

23 Agosti 2025: Gharama

Nauli zimekula karibu nusu ya fedha yote, na ndizo zisizoepukika. Pawa benki za mitumba zilikuwa shilingi 25,000 kila moja, na moja imekufa. Bando la kupandisha data lilikuwa kiasi cha shilingi 10,000 kwa mtu kwa mwezi, na lilipungua sana tulipoacha kurekodi tukiwa hewani. Kuchapisha ramani ndicho kitu tulichokihofia kwa bei, na ndicho kilicholeta faida kubwa kuliko vyote. Programu zote, OsmAnd, QGIS na JOSM (ya kuhariri OpenStreetMap), ni za bure. Jumla haikufika milioni moja. Gharama isiyomo humo ni jioni za watu. Kufuatilia majina kwa masheha kulichukua nyingi kuliko kazi ya kompyuta, na ningekuwa naanza leo ningewaendea kabla ya kurekodi njia yoyote.

13 Septemba 2025: Hali ilivyo, na Pemba

Ofisi mbili zimeanza kutumia namba zetu kwenye barua zao za matengenezo. Ya tatu imeomba kwanza ioneshwe vituo vyote vilivyoandikwa majina mawili, ivihakiki kwa kwenda navyo barabarani. Ombi la haki. Tumeipelekea orodha hiyo kwa karatasi, na mzee wetu konda atafuatana nao.

Wenzetu wa Pemba wameomba mafaili ili waanze baina ya Chake Chake, Wete na Mkoani, miji mitatu yenye mabaraza yake. Tumewapa fomu, kanuni za majina, na onyo la herufi ya ng'. Jambo moja halitawafaa kutoka kwetu. Sisi tuliweza kuipanga safari kwa mwisho wake. Kwao Chake na Wete zimeunganishwa na barabara zaidi ya moja, na mtu akisema gari ya Wete hajasema inapita wapi. Wapange kwa namba ya kibao, 606 ni 606, 602 ya Konde na 603 ya Mkoani zikae mbali nayo, na mstari wa kila moja urekodiwe kwenda na kurudi. Wameanza na 603 kwa kuwa ndiyo inayowapokea abiria wa meli bandarini Mkoani. Gari zake huondoka meli ikishusha, si saa ikifika, kwa hiyo frequencies.txt yao itabidi ifuate siku za meli. Maalim anatayarisha kalenda ya mfano, na itawekwa hapa ikikamilika.